Nadharia na Kiunzi Chake: Maana na Matumizi ya Istilahi ya Kitaaluma kwa Mifano kutoka Nungwi, Unguja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maana na matumizi ya neno la Kiingereza "theory", ambalo kisawe chake katika Kiswahili ni nadharia. Neno hili hutumika kwa maana tatu zinazotofautiana: mfumo wa maelezo unaofafanua kwa nini jambo liko lilivyo, sehemu ya mafunzo isiyokuwa ya vitendo, na dhana tupu isiyothibitishwa. Makala yanaonesha kwamba kuchanganya maana hizi kunaathiri ufundishaji wa isimu na fasihi, uandishi wa tasnifu, na namna watafiti wanavyoyapokea maarifa ya wenyeji. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Nungwi, kaskazini mwa kisiwa cha Unguja, kwa sababu istilahi yetu ya kiunzi cha nadharia imetoka katika kazi ambayo hadi leo hufanywa kwenye ufukwe wa mji huo, yaani uundaji wa vyombo vya baharini.

1. Utangulizi

Msomi anayeandika kwa Kiswahili hawezi kulikwepa neno nadharia. Limo katika majina ya vitabu tunavyovitegemea, kama vile Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah (1999), Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia ya K. W. Wamitila (2003), na Nadharia za Uhakiki wa Fasihi cha Richard Wafula na Kimani Njogu (2007). Ni nadra kuiona tasnifu ya chuo kikuu isiyokuwa na sehemu inayoitwa kiunzi cha nadharia au mkabala wa kinadharia. Hata hivyo, mtu akitoka nje ya ukumbi wa mihadhara na kushuka ufukweni, atalisikia neno hilohilo likitumika kwa namna ambayo huenda ikamshangaza: "Hiyo nadharia tu, ndugu yangu, njoo uone kazi yenyewe."

Swali la makala haya ni hili: je, msomi na msemaji huyu wanalitumia neno moja au mawili? Na kama ni moja, je, ni maana gani zinazobebwa nalo, na ni madhara gani yanayotokea zinapochanganywa? Mifano ya sentensi iliyomo humu imetungwa na mwandishi kwa kufuata matumizi yanayosikika kila siku kisiwani Unguja. Haikukusudiwa kuwa takwimu za utafiti.

Nungwi imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu ulio katika Wilaya ya Kaskazini A, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, umekutanisha makundi matatu ya watu wenye uhusiano tofauti na neno hili: wavuvi na mafundi wa vyombo, vijana waliopitia mafunzo ya hoteli na utalii, na watafiti wanaokuja kuchunguza bahari, utalii na lugha. Wenyeji wake huhesabiwa miongoni mwa wasemaji wa Kitumbatu, lahaja ambayo Malcolm Guthrie aliipa alama ya G43b katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu. Pili, Nungwi inajulikana kwa uundaji wa vyombo, na msamiati wa kazi hiyo umeingia katika istilahi za taaluma bila ya wengi wetu kutambua.

2. Asili ya neno

Neno la Kiingereza limetokana na la Kiyunani theoria, lenye maana ya kutazama au kutafakari, linalohusiana na theoros, yaani mtazamaji. Kiarabu nacho kilipohitaji neno la maana hii kiliunda naẓariyya kutokana na mzizi n-ẓ-r, ambao maana yake ya msingi ni kutazama. Kiswahili kikalipokea neno hilo la Kiarabu na kulipa umbo la nadharia.

Mzizi huu si mgeni katika Kiswahili. Upo katika neno mandhari, linalotumiwa na wahakiki wa fasihi kwa maana ya mahali na wakati wa matukio, na linalotumiwa na mtu wa kawaida kwa maana ya sura ya mahali inayoonekana kwa macho. Upo katika mnadhara, yaani majadiliano ya watu wenye misimamo inayopingana. Upo pia katika nadhari, neno ambalo msemaji wa Unguja hulitumia anapomwachia mwenzake uamuzi: "Mimi nimeshasema, nadhari ni yako." Hapa kutazama kumekuwa kupima na kuchagua.

Inafaa kutahadhari kuhusu maneno yanayofanana kwa sauti tu. Sauti dh ya Kiswahili imepokea sauti kadhaa za Kiarabu zilizo mbalimbali, na kwa hiyo nadhiri, yaani ahadi anayojiwekea mtu mbele ya Mungu, haina uhusiano wa mzizi na nadharia ijapokuwa konsonanti zao zinalingana katika maandishi yetu. Nathari, yaani lugha isiyokuwa ya ushairi, ina th na imetoka kwenye mzizi mwingine kabisa. Mwanafunzi anayeandika "nadhari na ushairi" au "nathari ni yako" amepotea kwa herufi moja, lakini kosa lake ni la maana wala si la tahajia pekee.

Kiswahili chenyewe, kabla ya kuazima, kilikuwa tayari kimeunganisha kuona na kufikiri. Kitenzi ona hubeba maana zote mbili: "naona jahazi" na "naona kwamba mvua itachelewa". Swali la kawaida "Waonaje?" halimuulizi mtu kuhusu macho yake, bali namna anavyolielewa jambo. Neno rai nalo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuona. Kwa hiyo nadharia ilipoingia ilikuta nyumba ambayo milango yake ilikuwa imeshafunguliwa.

3. Maana tatu za nadharia

3.1 Nadharia kama mfumo wa maelezo

Hii ndiyo maana ya kitaaluma. Nadharia ni mkusanyiko wa kauli zinazohusiana, unaoeleza kwa nini mambo fulani hutokea kama yanavyotokea, unaoweza kutabiri mengine ambayo hayajaonekana, na unaoweza kupingwa kwa ushahidi.

Tuchukue mfano wa maji ya bahari. Kila mvuvi wa Nungwi anajua kwamba bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, na kwamba katikati yake huja maji mafu. Ujuzi huu ni wa hakika, na hupanga siku za kazi za jamii nzima. Hata hivyo, kujua kwamba jambo hutokea kwa utaratibu fulani ni kujua kanuni. Hapajawa bado na nadharia. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alieleza kwamba mwezi na jua huyavuta maji ya dunia, na kwamba vinapokuwa katika mstari mmoja na dunia nguvu zao hujumlishwa, ilhali vinapounda pembe mraba hupunguzana. Maelezo hayo yanaonesha kwa nini bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na yanatumika kwa bahari zote. Hapo ndipo penye nadharia. Tofauti ya Newton na mvuvi si kwamba mmoja anajua na mwengine hajui. Tofauti iko katika aina ya swali linalojibiwa. Mmoja amejibu lini, mwengine amejibu kwa nini.

Kisarufi, nadharia katika maana hii huambatana na vitenzi kama vile kuunda, kuasisi, kutumia, kupinga na kurekebisha. Huzaa pia mwananadharia na kielezi kinadharia. Huweza kuwa katika wingi bila ya kubadilika umbo, na hufuatwa na jina la mwanzilishi au la jambo linaloelezwa.

3.2 Nadharia kama kinyume cha vitendo

Maana ya pili ni ya shule na vyuo. Mtihani hugawanywa sehemu mbili, ya nadharia na ya vitendo. Kijana wa Nungwi aliyepitia mafunzo ya hoteli atasema: "Nadharia nilimaliza chuoni, vitendo nikafanyia hotelini." Wengine husema moja kwa moja thiori na praktikali. Hapa nadharia si maelezo ya kwa nini. Ni chochote kinachosomwa darasani na kuandikwa katika daftari. Kukariri majina ya vikombe ni "nadharia", na kujua kwa nini chakula cha baharini huharibika haraka ni "nadharia" vilevile, ingawa la kwanza ni orodha na la pili ni maelezo.

Kwa Zanzibar, mgawanyo huu una historia iliyotangulia shule za kisasa. Katika mafunzo ya dini, jozi iliyozoeleka ni elimu na amali. Mwanachuoni huhimizwa asiwe na elimu bila ya amali, na mwenye amali huhimizwa asifanye bila ya elimu. Jozi hii haiyapambanishi mambo mawili bali huyaoanisha. Si ajabu, basi, kwamba Zanzibar ilichagua istilahi ya mafunzo ya amali pale ambapo Tanzania Bara ilisema ufundi stadi, na kwamba neno amali sasa limeenea Bara pia kupitia mkondo wa amali wa elimu ya sekondari uliomo katika mitaala ya mwaka 2023. Jozi ya nadharia na vitendo, kwa upande wake, huelekea kuwa ya mashindano: kinachoongezwa upande mmoja huonekana kimepunguzwa upande wa pili.

3.3 Nadharia kama maneno matupu

Kutokana na maana ya pili imezaliwa ya tatu. Ikiwa nadharia ni kile kisichokuwa vitendo, basi ni rahisi ikawa kile kisicho na faida. Ndiyo maana husikika kauli kama "Usituletee nadharia", "Nadharia zimekuwa nyingi" au "Kwa nadharia hoteli zinaleta ajira". Kauli hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini. Msemaji wake hakusema kwamba kuna maelezo ya kiuchumi kuhusu ajira; anasema kwamba ndivyo inavyodaiwa, lakini yeye hajaiona. "Kwa nadharia" hapa ni alama ya shaka.

Kiingereza nacho kina maana zote tatu, na wasemaji wake huzichanganya vilevile. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Kiswahili kimeliharibu neno. Lililo la pekee kwetu ni kwamba neno hili limetufikia kwa njia ya shule, na wengi hukutana na maana ya pili na ya tatu miaka mingi kabla ya kukutana na ya kwanza.

4. Nadharia na jamaa zake

Mkanganyiko huongezeka kwa sababu ya istilahi zinazokaribiana nayo. Dhana, katika isimu na falsafa, ni wazo la jumla linalowakilishwa na neno. Lakini katika mazungumzo ya Unguja, kumdhania mtu ni kumshuku, na dhana mbaya ni jambo ambalo muumini hutakiwa aliepuke. Mtafiti anayemkabili mzee wa Nungwi na kumuuliza, "Una dhana gani juu ya wageni?", asistaajabu akijibiwa, "Mimi, mwanangu, sina dhana mbaya na mtu." Mzee ameelewa swali, aliyelikosea ni muulizaji.

Nadharia tete ni kauli iliyotolewa ili ipimwe. Sifa tete, yaani isiyokomaa au isiyokuwa imara, inaeleza vyema hali yake: ni jambo changa ambalo ushahidi utalikomaza au utaliua. Kisio, rai na dai ni ngazi nyingine tena. Lugha yetu ina maneno ya kutosha. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyapanga.

Ukosefu wa nidhamu hiyo unaonekana wazi katika mada ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huipitia, yaani asili ya lugha hii. Hufundishwa kwamba kuna "nadharia" kadhaa: kwamba Kiswahili ni Kiarabu, kwamba ni pijini au krioli, na kwamba ni lugha ya Kibantu. Zikiitwa zote nadharia, na zikaorodheshwa moja baada ya nyingine, mwanafunzi huondoka akiamini kwamba zina uzito sawa na kwamba nadhari ni yake. Ukweli si huo. Mfumo wa ngeli, upatanisho wa kisarufi, mnyambuliko wa vitenzi na msamiati wa msingi wa Kiswahili ni wa Kibantu. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, walionesha kwa ulinganishi wa sauti na sarufi kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana katika kundi la Sabaki. Hayo ni maelezo yenye ushahidi, yanayoweza kupimwa. Kauli kwamba Kiswahili ni Kiarabu, kwa kutazama wingi wa maneno ya mkopo tu, ni dai lililopimwa likashindwa. Kuyapa mambo mawili haya jina moja ni kumnyima mwanafunzi kipimo cha kuyatofautisha.

5. Kiunzi: kutoka ufukweni hadi kwenye tasnifu

Kitenzi unda, ambacho leo tunakitumia kwa serikali, kamati na istilahi, kina makao yake ya zamani katika ufundi wa vyombo. Fundi wa Nungwi huunda ngalawa, mashua au jahazi. Kutokana na kitenzi hicho zimepatikana istilahi muundo katika sarufi, umuundo katika uhakiki, maunzi katika kompyuta, na kiunzi. Badiliko la d kuwa z mbele ya kiambishi -i ni la kawaida, kama inavyoonekana katika linda na mlinzi au penda na mapenzi.

Kiunzi cha chombo ni mifupa yake. Chombo huanzia kwenye mkuku, yaani gogo la chini linalokwenda urefu wote. Mbele na nyuma hupandishwa fashini. Mataruma hukaa kama mbavu, nazo mbao hushikizwa humo kwa misumari, kisha nafasi baina ya mbao hukalafatiwa kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye. Chombo kikishakamilika, msafiri huona mbao, mlingoti na tanga. Kiunzi hakionekani kwa nje, lakini kila ubao umekaa ulivyokaa kwa sababu yake.

Sitiari hii inaeleza kazi ya nadharia katika utafiti kuliko fasili nyingi za vitabuni. Nadharia ndiyo inayoamua ni data gani zikusanywe, zipangwe vipi, na ni swali gani liulizwe juu yake. Kwa bahati mbaya, katika tasnifu nyingi kiunzi hutajwa katika sura ya pili na kuachwa hukohuko. Mwanafunzi huorodhesha mihimili mitano ya nadharia, humtaja mwasisi wake na mwaka, kisha huanza uchambuzi usioigusa tena. Kipimo chake ni chepesi: iondoe sehemu ya nadharia, usome uchambuzi uliobaki. Kama haukupungukiwa na kitu, kilichoondolewa hakikuwa kiunzi. Kilikuwa nakshi ya ubavuni. Mataruma hayang'olewi chombo kikabaki kama kilivyo.

6. Je, fundi ana nadharia?

Mafundi wa pwani kwa desturi huunda vyombo bila ya michoro ya karatasi. Hupima kwa jicho, kwa kamba, kwa shibiri na dhiraa. Kwa maana ya pili ya neno letu, watu hawa wana "vitendo" na hawana "nadharia". Mgawanyo huo ukifuatwa, maarifa yao huandikwa katika ripoti kuwa ni "uzoefu", na maelezo ya kwa nini huachiwa mtafiti.

Lakini sikiliza mazungumzo kama haya baina ya fundi na mwanagenzi wake:

"Fundi, kwa nini tusiupunguze upana hapa tukaokoa ubao?"

"Mwanangu, ukipunguza hapa, tanga likishika upepo chombo kitalala. Tumbo ndilo linalokiinua. Ukitaka chembamba, basi punguza na tanga."

Jibu hili lina sababu, lina utabiri, na lina sharti linaloweza kupimwa kwa kuunda chombo chengine. Halikuandikwa, wala halikutumia hesabu, lakini limetimiza yale tuliyoyataja katika sehemu ya 3.1 angalau kwa kiwango cha awali. Ni nadharia inayoanza.

Hapa ni lazima kuwa waangalifu tusije tukakosea upande wa pili kwa kumsifu kila fundi kuwa mwananadharia. Angejibu, "Ndivyo tulivyofunzwa na wazee," lisingekuwa jibu la nadharia, hata kama chombo chake kingekuwa bora. Kipimo ni kilekile kwa mwanafunzi wa uzamili: anayenakili mihimili kwa sababu ndivyo alivyofunzwa naye hajafanya kazi ya nadharia, hata kama sura yake ina kurasa arubaini. Kinachotofautisha si darasa na ufukwe, bali ni uwepo wa jibu la kwa nini lililo tayari kupimwa.

Suala hili lina uzito nje ya isimu. Mji kama Nungwi, ambao ardhi, bahari na kazi zake zimebadilishwa sana na utalii, huulizwa maswali mengi na watafiti. Wavuvi wakiulizwa tu walichokiona, majibu yao huwa data. Wakiulizwa kwa nini wanadhani samaki wamepungua mahali fulani, majibu yao huwa maelezo yanayoshindana na maelezo ya mtafiti, na yanastahili kujibiwa kwa hoja. Nani anaulizwa nini na nani anaulizwa kwa nini ni suala la heshima na la usahihi kwa pamoja.

7. Hitimisho na mapendekezo

Imeonekana kwamba nadharia ni neno moja lenye maana tatu zilizozaana: kutazama kwa kueleza, kusoma bila ya kutenda, na kusema bila ya kuthibitisha. Haiwezekani, wala haifai, kumkataza msemaji kusema "hiyo nadharia tu". Lugha ya mtaani ina haki yake. Wajibu ni wa waalimu, wahariri na waandishi wa vitabu vya kiada, na kwao yanapendekezwa mambo manne.

Kwanza, katika maandishi ya kitaaluma neno nadharia libakie kwa maana ya mfumo wa maelezo, na kauli zisizofikia kiwango hicho ziitwe kwa majina yake: nadharia tete, kisio, rai au dai. Pili, mada ya asili ya Kiswahili ifundishwe kwa kuonesha ushahidi wa kila dai na hatima yake, si kwa kuorodhesha nadharia zilizokaa sawa. Tatu, katika mitaala ya mafunzo, jozi ya elimu na amali ifikiriwe badala ya nadharia na vitendo, kwa sababu huoanisha na haipambanishi. Nne, mtafiti anayetafuta maelezo ya wenyeji asiwaulize dhana yao wala nadharia yao, awaulize "Waonaje?" na "Kwa nini?", kisha anyamaze asikilize.

Kwa msimamizi wa tasnifu, pendekezo ni moja tu. Mwanafunzi anapoleta sura ya nadharia, aulizwe ni ubao gani katika uchambuzi wake ungeanguka kama nadharia hiyo isingekuwepo. Akiweza kuuonesha, amekijua kiunzi. Akishindwa, arudi kwenye mkuku aanze upya, kabla chombo hakijashushwa majini.